Vijana na Ghala la Tovuti

(Maneno ya Katibu mbele ya wanachama na viongozi, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu)



Ni desturi katika sherehe kama hii Katibu asome hesabu ya magunia. Hesabu hizo zimechapwa katika kurasa nyingine za kitabu hiki, nasi hatupendi kuwachosha kwa kuzirudia. Twaomba ruhusa tuseme juu ya jambo lililo mezani pa Bodi tangu msimu uliopita. Vijana watatu, watoto wa wanachama wetu, wameomba mkopo ili wafungue biashara ya kupangisha tovuti. Wameomba pia kwamba daftari la mizani la Chama liwekwe kwao. Wazee wametuuliza maswali mawili: biashara hiyo ni kitu gani, na je, yaweza kumlisha mtu?

Tovuti ni kurasa za maandishi na picha ambazo mtu huzisoma kwa simu au kompyuta akiwa popote. Wengi hudhani kwamba kurasa hizo zinaelea hewani. La. Zimo ndani ya kompyuta halisi, iitwayo seva, isiyozimwa usiku wala mchana, nayo imewekwa katika chumba chenye umeme, ubaridi na waya wa intaneti. Mwenye duka au shule hawezi kuitunza mashine ya namna hiyo kwake. Basi hulipa kodi kwa mwenye nayo ili apewe nafasi. Kwa hiyo hii ni biashara ya ghala, na sisi watu wa kahawa hatuhitaji kufundishwa ghala ni nini. Mwenye ghala hulipwa ili siku utakapokuja na stakabadhi yako uukute mzigo kama ulivyouacha. Kuta na bati kila mtu aweza kununua.

Kwamba kijana aweza kufanikiwa katika kazi hii, yupo mtu wa kumtaja. Octave Klaba alizaliwa Warsaw, nchini Poland, mwaka 1975, kisha akahamia Ufaransa pamoja na jamaa zake. Mwaka 1999, akiwa mwanafunzi wa uhandisi katika mji wa Lille, alianzisha kampuni iitwayo OVH, herufi zilizotokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "twawapa makao". Makao yake makuu yapo Roubaix, mji uliojulikana zamani kwa viwanda vya kufuma sufu. (Wakulima wa pamba watauonea huruma mji huo.) Baba, mama na ndugu yake waliingia kazini pamoja naye. Badala ya kununua seva zilizokwisha kuundwa, waliunda zao wenyewe, na badala ya kutegemea viyoyozi vinavyokula umeme, walizipoza kwa maji yapitayo ndani ya vibomba. Gharama zikapungua, bei ikashuka, wateja wakamiminika. Kampuni ile ikawa miongoni mwa zilizo kubwa kabisa katika Ulaya kwa kazi hiyo.

Lakini usiku wa tarehe 10 Machi 2021 moto ulizuka katika majengo ya kampuni hiyo mjini Strasbourg. Jengo moja la ghorofa tano liliteketea lote, na la pili likaungua sehemu. Hakuna mtu aliyeumia, tushukuru. Mamilioni ya kurasa zilizimika. Waliokuwa wameweka nakala mahali pengine walirudi kazini baada ya siku chache. Wasiokuwa na nakala, wengine walipoteza kila kitu. Mteja mmoja alikuwa amelipia huduma ya nakala, ikaonekana kwamba nakala zake zilikuwa ndani ya jengo lile lile lililoungua. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille ikampa haki. Hata hivyo kampuni haikufa. Mwezi Oktoba wa mwaka ule ule wa moto iliingiza hisa zake katika soko la Paris.

Tumelikalia sana jambo la moto kwa sababu vijana wetu, katika barua yao nzuri ya kurasa tisa, wameandika juu ya mashine, bei na rangi za matangazo, na juu ya nakala wameandika mstari mmoja tu.

Sasa tuitazame fedha. Kijana hana haja ya kununua seva siku ya kwanza. Hupanga nafasi kwa jumla kutoka kwa mwenye mashine kubwa, akaikata vipande, akapangisha kwa rejareja. Tuseme analipa shilingi 150,000 kwa mwezi, na kila mpangaji wake analipa 10,000. Wapangaji 15 wamrudishia kodi yake. Wa kumi na sita ndiye faida. Yaonekana rahisi, na ndiyo maana wengi huingia na wengi hutoka. Maana mpangaji yule wa shilingi 10,000 atapiga simu saa tano za usiku kwamba amesahau neno lake la siri, au barua pepe yake haiendi, na asipojibiwa atahama. Kazi kubwa ya biashara hii ni kujibu. Kadhalika, mpangaji mmoja akitumia nafasi yake kutuma barua za ulaghai, anuani ya mashine nzima huandikwa katika orodha ya wabaya, na barua za wapangaji wema hukataliwa pamoja na zake. Hivyo yampasa mwenye ghala ajue anampangisha nani.

Kuna mtego mwingine, nao Mweka Hazina wetu ameueleza vizuri kuliko sisi. Wateja wengi hulipa kodi ya mwaka mzima mbele. Mkulima wa Chama hutoa kahawa kwanza, akangoja malipo ya pili. Hapa mambo yamepinduka, mwenye ghala hupokea fedha kwanza na kudaiwa kazi ya miezi kumi na miwili. Kijana akiziona fedha hizo mwezi wa Januari akanunua pikipiki, mwezi wa Agosti hana cha kulipia seva, na tovuti za watu zazimwa. Twataka fedha za kodi ziwekwe benki katika akaunti ya peke yake, zitolewe mwezi kwa mwezi.

Yuko aliyeuliza kwa nini tusipange moja kwa moja kwa hao wakubwa wa Ulaya. Bei yao ni nzuri, hatukatai. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikadhoofika Tanzania na nchi jirani. Kurasa zilizomo nchini, zikiunganishwa vema, zaweza kusomwa nchini pasipo kuvuka bahari. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajiandikishe kwa Tume. Daftari letu lina majina, namba za simu na mapato ya wanachama. Likitoka, hatuna budi kujua lilipo na nani analishika.

Kwa hiyo sisi wa ofisi ya Katibu twaishauri Bodi hivi. Vijana wapewe mkopo, lakini nusu sasa na nusu baada ya miezi sita hesabu zao zikikaguliwa. Wapewe kwanza ukurasa wa matangazo ya bei na tarehe za minada, ambao ukizimika siku moja hakuna mwanachama atakayepoteza senti. Daftari la mizani libaki ofisini mpaka waonyeshe, mbele ya Kamati ya Usimamizi, kwamba wana nakala katika mji mwingine, nao waweza kulirudisha daftari zima kutoka katika nakala hiyo, seva yao ikiwa imezimwa. Tumewaambia neno hili. Wawili walikubali papo hapo. Wa tatu alisema twawaonea, akatoka nje, baadaye akarudi kuuliza jaribio litafanyika lini.

Jambo hili litaletwa mbele ya Mkutano Mkuu ujao lipigiwe kura. Barua ya vijana imebandikwa katika ubao wa kila chama cha msingi, na asiyeweza kuisoma amwombe Karani amsomee.