Mtende wa Uani na Adui Aliyejificha Ndani Yake

Katika nyumba nyingi za Oman, zikiwemo zile ambazo Kiswahili kingali kikizungumzwa sebuleni, mtende ulioko uani si pambo tu. Ni kivuli, ni tende za futari, na mara nyingi ni kumbukumbu ya mzee aliyeupanda. Mti huo huweza kuzaa kwa miongo mingi. Hata hivyo, unaweza kuangamia katika muda wa miezi michache, huku mwenye nyumba akiutazama kila asubuhi na kuuona kijani.

Adui anayehusika ni fukusi mwekundu wa mitende, ambaye Waarabu humwita susa. Asili yake ni Asia ya Kusini na ya Kusini-Mashariki. Aligunduliwa katika Umoja wa Falme za Kiarabu mwaka 1985, Saudi Arabia mwaka 1987 na Oman mwaka 1993. Mdudu huyu ana urefu wa sentimita 3 hadi 4, rangi ya kutu na mdomo mrefu uliopinda. Jike huweza kutaga mayai zaidi ya 200, na hupendelea kuyataga penye majeraha ya mti. Mabuu yakianguliwa hutoboa shina na kula nyama yake laini kwa mwezi mmoja hadi mitatu, mbali na macho ya watu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mtende, kiulacho ki shinani mwake.

Mwembe uliojeruhiwa huweza kulifunika jeraha lake kwa gome jipya. Mtende hauna uwezo huo. Jeraha la shina lake halizibi, na uhai wa shina zima hutegemea kiini kimoja tu kilichoko kileleni. Kiini hicho kikiliwa, mti umekwisha, hata kama makuti yake bado hayajanyauka. Kwa sababu hiyo, kila pigo la panga ni mlango unaofunguliwa, na utunzaji wa mtende hauna budi kufuata majira.

Wakati wa baridi, kuanzia Desemba hadi Februari, ndio unaofaa kukata makuti makavu, kwa kuwa wadudu hawaruki kwa wingi. Makuti mabichi yaachwe, na kila mahali palipokatwa pakingwe kwa dawa iliyopendekezwa na wataalamu. Mwishoni mwa majira hayo huanza kazi ya kupandikiza chavua ya mitende dume kwenye makole ya mitende jike. Kuanzia Machi hadi Mei, joto linaporudi, fukusi huruka kwa wingi. Huo si wakati wa kuujeruhi mti pasipo dharura. Wakati wa kiangazi mtende huhitaji maji mengi, lakini maji yasituame kwenye shina, kwani unyevu wa hapo humvutia mdudu. Ni bora yamwagwe katika duara lililo mbali kidogo na shina. Baada ya mavuno, mabua ya makole yaliyobaki huondolewa, na mti hukaguliwa upya.

Katika ukaguzi, ni muhimu kutofautisha uzee na ugonjwa. Makuti ya chini kabisa yakikauka, hilo ni jambo la kawaida. Yakinyauka yale ya katikati, yaliyo machanga, hapo pana hatari. Makuti yanayong'aa kwa utomvu wenye kunata, hasa wakati wa kuchipua au wa vuli, huonyesha dubasi, mdudu mdogo anayefyonza maji ya mti. Anadhoofisha mavuno, lakini dalili zake ziko wazi.

Dalili za fukusi ni za siri zaidi: majimaji ya rangi ya kahawia yanayochuruzika shinani, harufu ya uchachu, unga wa nyuzi zilizotafunwa, matundu, na machipukizi ya pembeni yanayokauka bila sababu. Aliyeweka sikio lake kwenye shina wakati wa usiku mtulivu huweza hata kusikia mabuu yakitafuna. Mitende michanga, iliyo chini ya miaka 20, ndiyo inayoshambuliwa zaidi, na sehemu ya chini ya shina, karibu na machipukizi, ndiyo inayopaswa kutazamwa kwanza.

Ugonjwa ukigunduliwa mapema, wataalamu wa kilimo huweza kuuokoa mti kwa kudunga dawa ndani ya shina. Ukichelewa, shina hubaki tupu na huweza kuangukia ukuta au watu. Mti ulioharibika kabisa hung'olewa na kuteketezwa chini ya usimamizi wa ofisi ya kilimo. Kuutupa jangwani au kwenye jaa ni kumpelekea jirani mamia ya wadudu. Vivyo hivyo, chipukizi linalotolewa zawadi kwa ndugu wa mji mwingine huweza kuubeba msiba ndani yake. Ndivyo mdudu huyu alivyosafiri kutoka nchi hadi nchi.

Mwenye mtende mmoja uani anahitaji dakika chache tu kila mwezi: kuuzunguka, kuinama, kunusa, kugusa shina na kusikiliza. Mtende uliopandwa na babu hauwezi kusema kuwa unaumwa, lakini huacha alama kwa anayeutazama kwa karibu.