Majina Yaliyo Juu ya Jiwe

Maneno yaliyosemwa mbele ya wana-usharika na wageni wa Dayosisi



Kamati ya Jubilei imenitaka niseme machache juu ya jiwe la kumbukumbu litakalosimamishwa mbele ya kanisa letu. Nitaanzia mbali, katika mji mdogo wa Colfax, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Katika mji huo tukio moja limeandikiwa kumbukumbu tatu, kila moja kwa namna yake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyokomesha utumwa huko, vilimalizika mwaka 1865. Mwaka 1869 wilaya mpya iliundwa, ikapewa jina la Rais Ulysses Grant, na mji wake ukaitwa kwa jina la makamu wake, Schuyler Colfax. (Katika Louisiana wilaya huitwa kwa neno lile lile la Kiingereza litumikalo kwa usharika, jambo linalowachanganya wageni wengi.) Katika uchaguzi wa gavana wa mwaka 1872 kila upande ulidai umeshinda. Watu weusi waliotoka utumwani, baadhi yao askari wa zamani wa jeshi la serikali kuu, wakaishika mahakama ya Colfax na kuilinda.

Siku ya Pasaka, tarehe 13 Aprili 1873, kundi la wazungu wenye bunduki na mzinga liliwazingira. Mahakama ikatiwa moto. Waliokimbia moto walipigwa risasi, na usiku ule mateka waliokwisha kujisalimisha waliuawa. Wazungu waliokufa ni watatu. Kwa upande wa watu weusi, wanahistoria hutaja hesabu kati ya 60 na 150. Watu 97 walishtakiwa, watatu tu wakatiwa hatiani, na mwaka 1876 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta hata hukumu hiyo.

Kumbukumbu ya kwanza ni mnara uliosimamishwa makaburini mwaka 1921. Umechorwa majina ya wale wazungu watatu, nao unawaita mashujaa walioanguka wakipigania ukuu wa watu weupe. Ya pili ni kibao cha jimbo kilichowekwa penye mahakama mwaka 1950. Hicho kiliyaita mauaji yale ghasia, kikataja wazungu watatu na weusi 150 waliouawa, kisha kikasema kwamba siku ile ilikuwa mwisho wa utawala mbovu wa wageni kutoka kaskazini.

Kwa maoni yangu kibao kilidhuru kuliko mnara. Anayeusoma mnara hujua mara moja ni nani waliousimamisha na kwa nia gani. Kibao kilisema kwa sauti ya serikali, sauti ambayo mtoto wa shule huiamini. Tena neno ghasia humfanya msomaji adhani pande mbili zilikosana. Na hiyo 150, hesabu kamili isiyo na jina hata moja, iliwahesabu watu kama magunia ghalani.

Kibao kiliondolewa mwezi Mei mwaka 2021. Tarehe 13 Aprili 2023, miaka 150 kamili tangu mauaji, jiwe jipya la granaiti nyeusi lilizinduliwa mjini humo. Waliolishughulikia pamoja ni mzao wa Jesse McKinney, aliyeuawa nyumbani kwake siku chache kabla ya Pasaka ile, na mzao wa mmoja wa washambuliaji. Jiwe hilo lina majina 57 ya waliouawa. Hesabu hiyo ni ndogo kuliko ile ya kibao, lakini kila jina lilitafutwa na kuthibitishwa. Mnara wa 1921 ulikuwa ungali umesimama makaburini siku ile ya uzinduzi.

Sasa nirudi kwetu. Rasimu ya maandishi ya jiwe letu nimeisoma. Inawataja wamisionari watano na wachungaji wote kwa mfuatano wao, nami sina neno juu ya hao. Kisha inasema, "na wengine wengi waliojitolea". Hao wengine wengi ndio waliochoma matofali, waliobeba maji kutoka mtoni, na wainjilisti waliofundisha chini ya mti miaka mingi bila mshahara. Wapo humu ndani wajukuu wao.

Fundi hajaanza kuchonga. Daftari la kwanza la ubatizo lingali ofisini, na kurasa zake za mwanzo zinasomeka. Naiomba Kamati iahirishe kazi kwa miezi miwili, na ninyi mama zetu na baba zetu mnaokumbuka jina lolote, mlipeleke kwa Katibu wa Usharika, pamoja na jina la kijiji alikotoka mtu huyo.