Walioshika Pembe za Godoro

Neno letu leo latoka Injili ya Marko, mlango wa 2, habari za mwenye kupooza aliyeletwa kwa Yesu na watu wanne.

Katika kanisa letu palikuwa na mzee aliyeugua kifua kikuu. Tulimtembelea, tukamwekea mikono, tukaomba. Baada ya miezi miwili kikohozi kikatulia. Jumapili moja akasimama kushuhudia ya kuwa Bwana amemponya, na kwa hiyo vidonge ameviacha. Kanisa zima tukaitika, "Amina!" Hata mmoja wetu hakumwambia kwamba dawa ile humezwa miezi sita, na kwamba aiachaye njiani aweza kurudiwa na ugonjwa, tena ukiwa mgumu kuliko kwanza. Kabla ya mwaka kwisha alirudi kitandani, na mjukuu aliyelala chumba chake akawa anakohoa.

Ndugu, hatukukosa kwa kuomba. Tulikosa kwa kuomba kisha tukaenda zetu.

Wale wanne walikuta mlango umezibwa na watu. Wakapanda juu, wakatoboa, wakamteremsha mwenzao. Marko atuambia kwamba Yesu aliiona imani yao. Ilionekana kwa macho: ilikuwa katika mikono yenye vumbi. Wala hakuna aliyeachia pembe yake njiani.

Waliotutangulia walijua hivyo. Mwaka 1897 Daktari Albert Cook, mmisionari wa CMS, alianzisha hospitali ya Mengo, Uganda. Mwaka 1902 radi ikaiteketeza. Hawakukata tamaa, waliijenga tena, na Mengo yatibu wagonjwa hata leo.

Mzee wetu naye alianza dawa upya, pamoja na mjukuu wake. Safari hii akina mama walipokezana kuwapelekea uji, vijana wakatoa nauli ya kliniki, na jirani akawahesabia vidonge kila asubuhi. Walipomaliza, mzee alishuhudia tena. Siku ile tuliitika Amina bila aibu.

Basi wiki hii tumtembelee mgonjwa aliye karibu. Tumwombee, kisha tumwulize: Dawa imebaki ya siku ngapi? Nani atakupeleka hospitali? Umekula?

Na tuombe. Ee Bwana, Tabibu wetu, utusamehe pale tulipomwachia mgonjwa mzigo wake. Utupe mikono isiyochoka, hata tumfikishe kwako. Amina.