Usafi wa Nyumba Usioleta Sumu

(Hotuba iliyosomwa katika ukumbi wa hekalu wakati wa maadhimisho)



Tumepewa heshima ya kusema maneno machache juu ya afya ya nyumba zetu. Wamo humu ukumbini madaktari wanaoujua mwili wa binadamu kuliko sisi. Sisi ni watu wa duka. Tunachokijua ni bidhaa: zinatoka wapi, zimetengenezwa kwa nini, nani huzinunua na kwa shida gani. Kwa elimu hiyo ya dukani tunapenda kueleza jambo moja tu, nalo ni hili: sehemu kubwa ya sumu iliyomo majumbani mwetu tumeilipia kwa fedha zetu wenyewe. Kwa sababu hiyo, familia yenye kipato cha kawaida haina haja ya kutafuta fedha za ziada ili kuipunguza. Mara nyingi itabakiwa na fedha mkononi.

Tuanze na rangi, kwa kuwa Diwali hutanguliwa na usafi mkubwa, kama vile majirani zetu wanavyopaka nyumba kabla ya Idi na Krismasi. Nyumba nyingi za mitaa yetu ya zamani zina matabaka ya rangi yaliyopakwa miaka mingi iliyopita, na rangi za zamani, hasa za mafuta zenye manjano na nyekundu kali, mara nyingi zilitiwa madini ya risasi. Fundi akikwangua milango na madirisha kwa msasa mkavu, vumbi lake hutua sakafuni, sakafu ndiyo uwanja wa mtoto anayetambaa, na mtoto huyo hutia mkono mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Aidha, mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi inayomezwa mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima. Madhara yake humfikia kwenye ubongo, katika uwezo wa kujifunza na kutulia. Tumezoea kuwafundisha watoto kwamba haba na haba hujaza kibaba; kwa risasi, methali hiyo ni onyo.

Dawa yake ni maji. Ukuta au mlango wa zamani ulowanishwe kabla ya kukwanguliwa, watoto na wajawazito wakae mbali, na vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa. Rangi ambayo bado imeshika vizuri isikwanguliwe. Ipakwe mpya juu yake. Unaponunua rangi, tazama alama ya ubora ya TBS na muulize muuzaji kiwango cha risasi: kinachopendekezwa kimataifa kisizidi sehemu 90 katika milioni moja. Muuzaji asiyeweza kujibu, nenda kwa mwingine. Kwa kuta za uani na stoo, chokaa ya kawaida bado ni nzuri na ni rahisi kwa bei.

Sasa tuingie jikoni. Manjano ni kiungo tusichoweza kuishi bila yake. Huko Bangladesh iligundulika kwamba baadhi ya wafanyabiashara waliyapaka manjano kemikali ya risasi ili yapate rangi ya kung'aa. Mwaka 2019, sampuli 47 katika kila 100 zilizochukuliwa masokoni zilikuwa na risasi. Serikali ikawachukulia hatua wahusika, wananchi wakaelimishwa, na kufikia mwaka 2021 hapakupatikana hata sampuli moja yenye risasi. Tunaitaja habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, rangi kali mno katika unga wa manjano isitufurahishe; ni salama zaidi kununua vipande vizima vya manjano yaliyokaushwa, kuviosha, kuvianika na kuvisaga wenyewe au kinuni kwa mtu tunayemfahamu. Pili, inaonyesha kwamba biashara inaweza kubadilika kwa muda mfupi pale mnunuzi anapouliza na mamlaka inaposimamia.

Kuhusu sufuria, zile nzito zinazoyeyushwa kutokana na vyuma chakavu zina bei nafuu, lakini asili ya vyuma hivyo haijulikani. Vipimo vilivyofanywa kwa vyombo vya aina hiyo kutoka Kamerun vilionyesha kwamba huachia risasi katika chakula. Chakula chenye uchachu, yaani kadhi, ukwaju, nyanya na achari, ndicho kinachoichota zaidi. Kwa hiyo vyakula hivyo vipikwe na kuhifadhiwa katika vyombo vya chuma kisichoshika kutu, udongo au kioo. Ikiwa kila Dhanteras tuna desturi ya kununua chombo kipya, basi mwaka huu kiwe sufuria moja ya namna hiyo. Vivyo hivyo, mtindi na maziwa ya kuganda visilale ndani ya shaba. Na mlo wenyewe ni kinga: mtoto anayepata chuma na kalsiamu ya kutosha hufyonza risasi kidogo zaidi. Mchicha, dengu, choroko, dagaa kwa wale wanaokula, na kikombe cha maziwa ni akiba isiyo ghali.

Tuje stoo, mahali ambapo tungependa mtusikilize kwa makini kuliko pote. Mafuta ya taa yasitiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi. Anaona chupa anayoifahamu. Ikitokea amekunywa, msimtapishe wala msimpe maziwa, maana mafuta yanaporudi juu huingia mapafuni. Mpelekeni hospitali upesi pamoja na chupa yenyewe. Dawa ya kung'arishia nguo, ambayo wengi huiita jiki, isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi, wala siki, wala limau, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma kifua. Wengi hudhani dawa mbili husafisha mara mbili. Kwa kazi nyingi za kila siku hata hiyo moja haihitajiki: sabuni ya mche, maji ya moto, soda ya kuokea na nusu ya limau vinatosha kwa sinki, meza na vigae.

Vidonge vya kufukizia nafaka ni hatari ya namna ya peke yake. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, ambayo inaua na haina dawa ya kuipinga. Vidonge hivi ni vya maghala, chini ya watu waliofunzwa. Visiwekwe katika nyumba wanamolala watu, hata chumba cha pili, hata kwa usiku mmoja. Bibi zetu walihifadhi mbaazi na ngano kwa kuzianika juani na kuzipaka mafuta ya nyonyo kidogo, kisha kuziosha kabla ya kupika. Nafaka ikinunuliwa ya mwezi mmoja badala ya mwaka mzima, haihitaji dawa yoyote.

Chumbani tutaje mambo matatu. La kwanza ni dawa ya mbu ya kuchoma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba koili moja ikiungua hutoa chembe ndogo za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Malaria ni adui wa kweli, nasi hatusemi tumwachie mbu nyumba. Tunasema chandarua kilichotiwa dawa, wavu wa dirishani, na ndoo zisizoachwa wazi uani hulinda usiku kucha bila moshi, na wavu hununuliwa mara moja ilhali koili hununuliwa kila juma.

La pili ni vidonge vyeupe vya naftalini tunavyoweka katika masanduku ya sari na mablanketi. Wapo watoto wenye upungufu wa kurithi wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali iliyoenea katika nchi zenye malaria na katika baadhi ya jamii zenye asili ya India. Mtoto mchanga wa namna hiyo akivalishwa nguo iliyotunzwa kwa naftalini, chembe za damu yake huweza kuvunjika na akaugua manjano makali. Tumejaliwa mwarobaini, ule ambao Wagujarati huuita limdo, karibu katika kila mtaa. Majani yake yakaushwe, yafungwe katika vifuko vya kitambaa, yabadilishwe kila baada ya miezi michache, na nguo zianikwe juani. Gharama yake ni kumwomba jirani mwenye mti.

La tatu ni jiko la mkaa. Wakati wa baridi na masika wapo wanaoliingiza ndani na kufunga milango. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuomba msaada. Jiko la mkaa lilale nje.

Hatuwezi kuyasema ya jikoni na chumbani tukanyamaza juu ya ibada yetu wenyewe. Moshi wa agarbatti ni moshi, nao huwasumbua wenye pumu. Kijiti kimoja chenye nia njema kinatosha, dirisha likiwa wazi. Ibada haipimwi kwa wingi wa vijiti. Kumkum ya asili hutengenezwa kwa manjano na chokaa, lakini baadhi ya sindoor zinazouzwa zimekutwa na risasi, na mamlaka za Marekani zimewahi kuzionya familia juu ya hilo. Tununue yenye maelezo ya viungo vyake, na watoto wanawe mikono. Kwa mabinti na wake zetu, wa jamii zote, tunasema kwa heshima: mafuta ya kung'arisha ngozi yasiyo na maelezo, na mikorogo ya sokoni, huenda yana zebaki. Zebaki hudhuru figo, na mama huweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeitwa kwa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliteseka kwa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Tusilipe kununua kile ambacho wao walilazimishwa kula.

Kisha yupo dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Yeye ndiye anayeinama juu ya choo, anayeshika dawa kwa mikono mitupu, na mara nyingi lebo imeandikwa kwa lugha asiyoisoma. Jozi ya glovu na dakika tano za kumfafanulia ni haki yake, nayo haipungui kwa kuwa hakuidai.

Na sisi tulio nyuma ya kaunta tuna wajibu. Tusipime mafuta ya taa wala dawa za wadudu katika chupa za vinywaji, hata mteja akisisitiza. Tusiuze kiuatilifu kwa kijiko kwenye karatasi, bila lebo. Mteja akiuliza kilichomo, tumjibu, au tumwambie tutamuulizia. Faida ya siku moja si mtaji. Mtaji wetu katika mji huu ni kuaminiwa, nasi tumeupokea kutoka kwa waliotutangulia.

Kwa kumalizia, tungeshauri kila familia ifuate mpangilio huu. Mwezi wa kwanza usigharimu kitu: hamisheni mafuta ya taa na dawa zote juu, mahali penye kufuli, toeni naftalini, toeni jiko chumbani. Mwezi wa pili acheni kununua: koili, manukato ya kupuliza, dawa ya pili na ya tatu ya choo. Mwezi wa tatu fedha zilizobaki zinunue wavu wa dirisha, sufuria moja nzuri, au rangi iliyothibitishwa. Atakayefika hapo atakuwa ametoa nyumbani mwake sumu nyingi bila kukopa.

Shuddhi tunayoitafuta hekaluni huanzia mlangoni kwetu, na moshi wa nyumba moja huingia dirishani kwa jirani bila kuuliza dini yake. Ndiyo maana tumefurahi kuyasema haya mbele yenu nyote kwa pamoja.