Wiki Tatu za Mwisho

(Maneno haya yalisemwa na mwanafunzi wa zamani, ambaye sasa ni mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa shule.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi vijana mliojazana kule nyuma karibu na mlango kama tulivyokuwa tukijazana sisi:

Katibu aliponiandikia barua alinitaka nizungumze juu ya "Michezo na Maisha ya Mtumishi". Kichwa hicho ni kipana mno, nami nimepewa dakika 20. Kwa hiyo naomba ruhusa nizungumze juu ya wiki tatu tu. Nimeziishi wiki hizo mara mbili, mara ya kwanza mwaka 2019 na mara ya pili mwaka 2024. Mara ya kwanza nilizivuruga, na kuhusu mara hiyo nina deni kwenu, nitalieleza.

Kwa wale wasioujua mchezo wenyewe: trayathloni ni kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, mfululizo, bila kulala katikati. Ile ndefu, ijulikanayo kwa jina la Ironman, ni kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha mbio za marathoni, kilomita 42.195. Kwa desturi mshindani hupewa saa 17 kumaliza yote. Ilianza Hawaii, katika kisiwa cha Oahu, tarehe 18 Februari 1978. Ofisa mmoja wa jeshi la wanamaji la Marekani, John Collins, na wenzake walibishana ni mwanamichezo gani aliye imara kuliko wengine, wakaamua kuyaunganisha mashindano matatu ya kisiwani. Walianza watu 15, wakamaliza 12. Wa kwanza alikuwa Gordon Haller, kwa saa 11 na dakika 46. Husimuliwa kwamba wa pili, John Dunbar, aliishiwa maji njiani na wasaidizi wake wakampa bia. (Kicheko.) Vijana, hilo msiliandike katika madaftari yenu.

Mimi nilikwenda Afrika Kusini, katika mji wa bandari ambao wengi wenu mnaujua kwa jina la Port Elizabeth, na ambao tangu 2021 unaitwa Gqeberha. Huko ndiko karibu na kwetu.

Sitawachosha na habari za miezi ya mazoezi. Mtu aliyeajiriwa hufanya mazoezi wakati wengine wamelala, basi. Saa 11 alfajiri nilikuwa barabarani, Jumamosi nikipanda baiskeli kutoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo na kurudi, Jumapili nikiingia baharini Msasani maji yakijaa, maana yakitoka utaogelea juu ya miamba na kukanyaga shetani wa baharini. Ilipofika Machi 2019 nilikuwa nafanya mazoezi ya saa 14 kwa wiki. Nilikuwa tayari, ndugu zangu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Kisha tukaitwa Dodoma kutayarisha vitabu vya makadirio. Waliomo humu wanaofanya kazi serikalini wanaijua kazi hiyo. Nilikaa siku 11. Sikuogelea hata mara moja, baiskeli sikuigusa, nilikimbia mara mbili tu, usiku, nikifukuzwa na mbwa. Niliporudi nyumbani zilibaki wiki tatu.

Nikaketi mezani na kalamu. Nikaorodhesha kila zoezi nililolikosa kama karani wa stoo anayetafuta mifuko iliyopotea, nikajiambia kwamba yote yatalipwa. Wiki ya kwanza nilikwenda Bagamoyo na kurudi mara mbili. Wiki ya pili, zikiwa zimebaki siku tisa, nilikimbia kilomita 32 katika joto la Dar es Salaam, nikarudi nikichechemea. Mke wangu alinitazama nikivua viatu, akaniuliza, "Baba fulani, hayo mashindano ni lini? Maana naona umekwisha kushindana." Nikamjibu kwa ukali. Siku mbili baadaye nikapata homa na koo likavimba, na goti la kulia likawa na joto kama birika.

Laiti ningekumbuka mambo ya kazini kwangu mwenyewe! Fedha ya bajeti usiyoitumia kufikia tarehe 30 Juni hurudi Hazina. Hulii, hubishani, unaanza na kasma mpya. Zoezi lililopita siku yake nalo ni vivyo hivyo. Mwili hauna fungu la bakaa.

Tena elimu yake inajulikana. Zoezi zito halikupi nguvu siku ile ile. Kwanza linakuchosha, na faida yake huja siku nyingi baadaye, wakati misuli imekwisha kujijenga upya. Kwa hiyo kilomita 32 unazokimbia siku tisa kabla, uchovu wake utakwenda nao mashindanoni, lakini faida yake itakuta mashindano yamekwisha. Mwaka 2007 wataalamu walikusanya matokeo ya utafiti mwingi juu ya jambo hili wakaona kwamba mwanamichezo hufaidika zaidi akipunguza wingi wa mazoezi kwa asilimia 41 hadi 60 katika wiki mbili za mwisho, bila kupunguza kasi wala idadi ya siku za mazoezi. Mtaona kwamba hawakusema alale kitandani. Aendelee kwenda, aende kasi ile ile, ila arudi nyumbani mapema.

Wazee wetu wa riadha walilijua hata kabla ya utafiti. Emil Zátopek wa Czechoslovakia, mtu aliyesifika kwa mazoezi makali kuliko wote wa zama zake, alilazwa hospitalini kwa sumu ya chakula kabla ya mashindano ya Ulaya ya 1950 mjini Brussels. Alitoka zikiwa zimebaki siku chache, akashinda mita 10,000 na mita 5,000. Kumbe kitanda cha hospitali kilikuwa kimempa ile nafasi ya kupumzika ambayo yeye mwenyewe asingejipa.

Mimi sikulazwa, kwa bahati mbaya. Nilipanda ndege na goti langu.

Sasa nafika kwenye deni. Mwaka ule, ndugu zangu, mlinichangia. Kofia ilipitishwa katika ukumbi huu huu, zikapatikana shilingi 640,000 za kunisaidia nauli. Na mwezi wa Agosti nilisimama hapa hapa, mbele ya meza hii, nikawaambia kwamba sikumaliza kwa sababu tairi ilipasuka mbali na kituo cha mafundi. Mkanipigia makofi ya kunipa pole. Ndugu mmoja akasema hata Akhwari wetu alianguka kule Mexico mwaka 1968.

Haikupasuka tairi. Baiskeli ilikuwa nzima tangu mwanzo hadi mwisho. Niliacha katika marathoni, kilomita ya 11, nikiwa nimekaa juu ya ukingo wa barabara, kwa sababu goti lilikataa kukunjuka, na goti lilikataa kwa sababu nililiharibu mwenyewe kwa woga nyumbani kwangu. John Stephen Akhwari aliumia akiwa katika mbio, akamaliza. Mimi niliumia katika maandalizi, nikaacha, kisha nikadanganya. Kunilinganisha naye ilikuwa heshima ambayo sikustahili, na nimeona haya kila nilipopata kadi ya mwaliko wa mkutano huu. Miaka miwili sikuja kabisa. Mlidhani ni kazi.

(Kimya. Mwenyekiti akamwomba msemaji aendelee.)

Ahsante, Ndugu Mwenyekiti.

Mwaka 2024 nilikwenda tena, kwa nauli yangu. Safari hii niliomba likizo yangu ya mwaka mapema, kabla wakubwa hawajaanza kutafuta watu wa makadirio. Zile saa 14 za mazoezi nikazishusha: wiki ya tatu kutoka mwisho saa 10, ya pili saa 7, ya mwisho saa 3 na kidogo. Nilikimbia mara nne kwa wiki kama kawaida, lakini dakika 35 au 40, na ndani yake vipande vifupi vya kasi juu ya daraja la Tanzanite upepo ukinipiga ubavuni.

Mtu asiwaambie kwamba kupunguza ni rahisi. Siku ya tano nilianza kuumwa mahali ambapo sijapata kuumwa. Kisigino. Bega. Mara jino. Usiku nilikuwa naamka kulipapasa goti la kulia kama mama anavyopapasa paji la mtoto. Mwili uliozoea kuchoka ukipumzishwa husikiliza kila kitu. Uzito ukaongezeka kilo moja na nusu, nikaanza kuogopa chakula, mpaka niliposoma kwamba ndivyo inavyotakiwa: misuli inapoweka akiba ya wanga, kila gramu moja hushika kiasi cha gramu tatu za maji. Ile kilo na nusu haikuwa kitambi, ilikuwa petroli. Nikaendelea kula wali wangu, viazi na ndizi. Siku mbili za mwisho nilipunguza maharage na mboga za majani, kwa sababu ambazo watu wazima mnazielewa.

Nilimkumbuka sana mwalimu wetu wa hesabu. Waliosoma miaka yangu wanakumbuka kwamba usiku wa kuamkia mtihani alikuwa akipita bwenini na kukusanya vitabu vyote vya hesabu katika gunia, akaondoka navyo. Tulimchukia. Sasa nina umri aliokuwa nao yeye, na laiti mwaka 2019 angekuja na gunia lake kuchukua viatu vyangu.

Mambo mengine ya wiki hizo nitayataja kwa haraka. Kitu kipya hakiingii: si kiatu, si soksi, si kinywaji. Viatu vyangu vilikuwa vimekwisha kukimbia kama kilomita 100, vinatosha kulainika na havijachakaa. Vazi la mpira la kuogelea nilikuwa nimeazima, maana bahari ya kule ni ya baridi kwa mtu wa pwani yetu. Nililijaribu Msasani mara tatu, nikiiva ndani yake kama muhogo ndani ya sufuria, wavuvi wakiniuliza kama nimetumwa na wizara. (Kicheko.) Waliocheka walicheka, lakini nilijua linavyobana shingo, na siku yenyewe sikupata hofu ya pumzi. Baiskeli ilikwenda kwa fundi siku kumi kabla, ikawekwa mnyororo na tairi mpya, nami nikaiendesha saa mbili ndipo ikafungwa ndani ya sanduku. Fundi akikosea ni heri akosee ungali Mwenge.

Jambo la maji nalitilia mkazo, kwa kuwa ni la kuua. Sisi tulifundishwa kunywa, kunywa, kunywa. Lakini mwaka 1985 Dakta Tim Noakes wa Cape Town na wenzake waliandika juu ya washindani wa mbio ndefu waliougua kwa kunywa maji kupita kiasi, hata chumvi katika damu ikapungua. Mtu huchanganyikiwa, huzimia, na wengine wamekufa. Kwa hiyo katika wiki hizo nilijifunza kunywa kwa kiu, nikajipima uzito kabla na baada ya zoezi. Ukirudi kutoka mazoezini na uzito uliozidi ule uliotoka nao, umekunywa mno.

Na usingizi. Usiku wa mwisho hutalala, usijisumbue. Lala usiku wa tano, wa nne na wa tatu kabla yake. Nililala saa 3 usiku kwa wiki nzima, watoto wakidhani naumwa.

Siku yenyewe haina mengi ya kusimulia. Watu wa kule huuita mji wao mji wa upepo, nao hawakudanganya. Niliogelea polepole. Katika baiskeli vijana na akina mama walinipita kwa makundi, nikawaacha wapite. Kilomita ya 11 ya marathoni nilipapita pale nilipoketi mwaka 2019. Ukingo upo pale pale, mfupi kuliko nilivyoukumbuka. Sikusimama. Kuanzia kilomita ya 31 nilitembea na kukimbia kwa zamu, nikihesabu nguzo za taa. Nilimaliza kwa saa 15 na dakika 52, usiku. Nilipompigia simu mke wangu jambo la kwanza aliloniuliza ni goti.

Ndugu Mwenyekiti, zile shilingi 640,000 nimemkabidhi Mweka Hazina leo asubuhi kabla ya chai, na stakabadhi hii hapa. Sikuiomba Kamati ruhusa. Ningependa zinunuliwe mipira na nyavu za uwanja wa chini, ambao nimeupitia leo nikaona magoli yako wazi kama tulivyoyaacha sisi, lakini neno hilo ni la Kamati. Wale walionichangia kwa majina yao, na ambao wangependa kurudishiwa mkononi, nitakuwa chini ya mwembe hadi basi litakapoondoka.

(Makofi.)