Neno la Wapiga Gitaa Siku ya Jubilii



Mnakumbuka spika yetu ya gitaa ilipoungua. Tulichomeka gitaa kwenye kompyuta, programu ya amplifaya ikaipeleka sauti moja kwa moja kwa mixa, likalia kama nyuki ndani ya debe. Alto wakasema hawajisikii. Kamati ikauliza kama gitaa la umeme libaki. Walisema kweli, ingawa ilituuma.

Spika ya gitaa ya inchi 12 humeza ukali mwingi ulio juu ya hezi 5,000 hivi. Spika za kanisa hazimezi kitu. Ndipo tukajifunza kutumia impalsi: faili ndogo inayobeba mwitikio wa spika halisi, iliyopigishwa sauti ya majaribio mbele ya maikrofoni. Programu hupitisha gitaa humo, nalo hulia kama limetoka kwenye spika hiyo.

Tulikosea kwanza. Tulichukua faili ya maikrofoni iliyolenga katikati ya koni, ikatoboa masikio. Ya pembeni ni tulivu zaidi. Tena tulisahau kuzima spika ya kuigiza iliyokuwa tayari kwenye programu, basi sauti ikawa ya mtu anayeimba ndani ya blanketi. Mwisho tukakata yaliyo chini ya hezi 100, tukamwachia mpiga besi.

Akina mama wa alto, leo tukizidi, tuinulieni mkono. Tutapunguza papo hapo.