Kikohozi cha Mtoto Kisichokwisha



Zipo nyumba ambamo mtoto hukohoa tangu siku za mwanzo za kuzaliwa kwake. Kamasi humtoka mwaka mzima, masikio humuuma, na dawa ya kifua humtuliza siku chache tu. Majirani hunong'ona, na lawama humwelemea mama. Leo twataka kueleza asili ya mojawapo ya maradhi hayo.

Ndani ya chembe hai za mwili, yaani seli, zimo protini ambazo kazi yao ni uchukuzi. Kinesini, iliyogunduliwa mwaka 1985 katika neva ya ngisi, hutembea juu ya nyuzi za ndani ya seli huku ikikokota mzigo, kila hatua kiasi cha sehemu 8 za milioni moja ya milimita. Dainini, iliyopewa jina lake mwaka 1965, huenda upande wa pili. Na ipo aina ya dainini inayotikisa vinyweleo vidogo mno vilivyotanda katika njia ya pumzi. Hivyo hupiga kama makasia, vikisukuma vumbi na makohozi hadi kooni, nasi twameza bila ya kujua.

Dainini hiyo ikikosekana, makasia husimama. Mwaka 1976 mtaalamu wa Sweden, Björn Afzelius, alieleza habari za wanaume wenye kikohozi cha daima ambao mbegu zao hazikuweza kuogelea. Kwa darubini ya elektroni, vijikono vya dainini havikuonekana. (Ni wanawake wangapi wamepewa talaka kwa utasa usiokuwa wao!) Tena karibu nusu ya wagonjwa hawa moyo wao huwa kulia na ini kushoto, kwani vinyweleo husaidia kupanga pande za mwili mimba ingali changa.

Maradhi haya hurithiwa. Aghalabu baba na mama wote wawili hubeba kasoro ilhali wao ni wazima, na kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Basi mama amekosa nini peke yake? Nasi tunaoozana binamu kwa binamu yatupasa kujua kwamba wajukuu wa babu mmoja huweza kurithi kasoro ileile. Hatukatazi lililo halali; twasema ukoo uliokwisha kupata mtoto wa namna hii umwulize daktari kabla ya posa.

Dawa ya kuyaponya kabisa haijapatikana. Lakini mazoezi ya kila siku ya kutoa makohozi, kutibu mapema uambukizo wa kifua, na kumweka mtoto mbali na moshi wa kuni na sigara, hulinda mapafu. Na akipigwa picha ya eksirei, moyo ukaonekana kulia, msidhani kuwa picha imegeuzwa. Mwelezeni daktari habari za kikohozi, na kilianza lini.